Alianza jukwaani na miaka 33: jibu kwa mwigizaji anayepewa mabibi tu

Msomaji mmoja, mwanadada wa miaka 30 anayeigiza katika kikundi cha jukwaani, ananiandikia kwamba tangu ajiunge hajawahi kupewa mhusika wa umri wake. Akipangwa leo ni mama mkwe, kesho ni bibi wa kijijini, keshokutwa jirani mmbea au matroni wa shule. Mapenzi na machozi wanapewa wenzake wanaojua kuuza sura. Karibuni ameangalia filamu za zamani za Kiingereza za Miss Marple, bibi mpelelezi, akavutiwa na mwigizaji wake, Margaret Rutherford, kisha akasoma kwamba huyo mama alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 33 na akachukua Oscar akiwa na 71. Anauliza: ile ilikuwa njia, au bahati tu? Na mbona wapenzi wa vitabu vya Agatha Christie wanasema hakuwa Miss Marple wa kweli?

Dada yangu, bahati ilikuwepo, ila ilianza vibaya kiasi kwamba hakuna ambaye angeiomba.

Rutherford alizaliwa mwaka 1892 huko Balham, kusini mwa London. Miaka 9 kabla hajazaliwa, baba yake, William Benn, alimuua baba yake mwenyewe, mchungaji Julius Benn, wakiwa pamoja katika chumba cha kupanga mjini Matlock. Akaonekana hana akili timamu, akafungiwa Broadmoor, hospitali ya wahalifu wenye maradhi ya akili. Alipotolewa aliacha jina la Benn, akajiita Rutherford, akarudiana na mkewe, na baada ya binti yao kuzaliwa familia ikahamia Madras, India. Huko mama akajiua. Mtoto akarudishwa Uingereza akiwa na miaka 3, akalelewa na shangazi yake Bessie huko Wimbledon. Baba naye baadaye akarudi Broadmoor. Margaret alikuja kuujua ukweli wote huo akiwa bado binti mdogo, na maisha yake yote alikuwa akipatwa na vipindi vya huzuni nzito vilivyomlaza kitandani.

Sikuelezi haya ili umhurumie. Nayaeleza kwa sababu watu karibu wote aliowaigiza ni wale ambao jirani angesema "huyu hazimo zote", na yeye hakumdhihaki hata mmoja wao. Ni tafsiri yangu, siwezi kuithibitisha, lakini nadhani mtoto aliyekua akijua kwamba wazimu upo kwao hajifunzi kumdhihaki mtu wa ajabu. Anajifunza kumtazama kwa karibu.

Mpaka anapita miaka 30 alikuwa mwalimu wa piano na wa usemaji, akizunguka kwa baiskeli nyumba hadi nyumba kufundisha watoto wa watu. Shangazi alipofariki alimwachia urithi kidogo, na urithi ule ndio uliomwezesha kuingia Old Vic, ukumbi maarufu wa maigizo wa London, kama mwanafunzi mwaka 1925. Hapa usijidanganye: bila zile pesa za shangazi huenda tusingelijua jina lake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa jini mwema mwenye pua ndefu katika mchezo wa Krismasi. Msimu ulipokwisha hawakumwita tena, akarudi kwenye piano.

Kilichomtengeneza ni mfumo ambao siku hizi umebaki kidogo sana hata kwao: vikundi vya kudumu vya miji midogo na viunga vya London. Kikundi kinakaa mji mmoja na kubadilisha mchezo kila wiki. Usiku unaigiza mchezo wa wiki hii, asubuhi unafanya mazoezi ya mchezo wa wiki ijayo, na katikati unakariri maneno huku ukinywa chai. Kila kikundi kiliajiri watu kwa nafasi: kijana wa mapenzi, binti wa mapenzi, mwanamume wa makamo, na mwanamke wa kuigiza wazee. Huyu wa mwisho alikuwa na mshahara wake kila Ijumaa hata kama alikuwa na miaka 28. Kwa hiyo kile unachokiona wewe kama adhabu, kwao kilikuwa ajira, tena ajira ya kudumu kuliko ya binti wa mapenzi, kwa kuwa binti akizeeka anatolewa na wewe ndiye unayezidi kufaa. Rutherford, mwenye mwili mkubwa, kidevu kizito na mashavu yaliyoning'inia mapema, aliingia kwenye nafasi hiyo akaizoea. Katika kikundi cha Oxford, mwaka 1930, alikutana na mwigizaji aitwaye Stringer Davis. Walioana mwaka 1945, baada ya uchumba wa miaka 15, kwa kuwa mama wa bwana hakumtaka. Nitamrudia huyo bwana.

London ya kumbi kubwa aliingia mwaka 1933. Filamu ya kwanza ni ya 1936, akiwa na miaka 44. Lakini watu walianza kumjua kwa jina mwaka 1938, katika Spring Meeting, chini ya muongozaji John Gielgud, akiwa shangazi mseja aliyelevywa na kamari ya farasi. Mwaka uliofuata Gielgud akamwita tena, safari hii kwa tamthilia ya Oscar Wilde, The Importance of Being Earnest, acheze Miss Prism, mwalimu wa nyumbani. Kama una nafasi ya kujifunza tukio moja tu la Rutherford, jifunze hili. Toleo la filamu la 1952 linalo, na yeye yumo.

Miaka 28 nyuma, Miss Prism alitoka kumtembeza mtoto mchanga wa watu, na kwa usahaulifu akaiweka hadithi aliyokuwa akiiandika kwenye kigari cha mtoto, na mtoto akamtia kwenye mkoba. Mkoba akauacha stesheni. Sasa ametiwa kizimbani mbele ya Lady Bracknell, mama wa tabaka la juu, anayechezwa na Edith Evans mwenye sauti ya kupasua mawe, na yule mtoto, ambaye sasa ni mwanamume mzima, analeta mkoba na kumuuliza kama ni wake. Ukumbi mzima unangoja: je, huyu ni nani, wazazi wake ni akina nani? Miss Prism anaupokea mkoba na kuukagua. Anakuta mkwaruzo ulioachwa na basi la Gower Street siku za ujana wake. Anakuta doa la kinywaji kilichopasukia ndani. Anakuta herufi za jina lake kwenye kufuli. Ndiyo, ni wake, na amefurahi kuupata, maana kuishi bila huo mkoba miaka yote hii kumekuwa usumbufu mkubwa.

Mtazame Rutherford anavyofanya. Uso uliokuwa umejaa hofu unafunguka taratibu kwa furaha halisi ya mtu aliyepata mali yake iliyopotea. Mtoto amemsahau kabisa. Hakonyezi watazamaji, hatafuti kicheko, haongezi chumvi. Kicheko kinakuja kwa sababu yeye peke yake humo ndani anaamini kwamba habari ya maana ni mkoba.

Mwaka 1940 akaigiza kinyume kabisa: Mrs Danvers, msimamizi wa nyumba mwenye roho ya barafu, katika Rebecca kwenye ukumbi wa Queen's. Mchezo ule haukufungwa na wakosoaji, ulifungwa na bomu la Wajerumani lililoupiga ukumbi Septemba mwaka huo. Natamani ungedumu. Watu wangeondoka na picha ya Rutherford anayetisha, na huenda kazi yake ingefuata njia nyingine. Badala yake, Julai 1941, ukafunguliwa ukumbini Piccadilly mchezo wa Noël Coward uitwao Blithe Spirit, na tangu hapo akawa ni Madame Arcati.

Arcati ni mwanamke anayeita mizimu. Mwandishi wa riwaya anamwalika chakula cha jioni ili ajifunze hila za matapeli wa kazi hiyo kwa ajili ya kitabu chake. Matokeo yake mama yule anamleta kweli mkewe wa kwanza kutoka kuzimu, na mke wa pili yupo pale pale. Coward alipompa Rutherford nafasi hii, mwanzoni alisita. Hakuona kama ni jambo la kuchekwa, na watu wanaoamini mizimu aliwaheshimu. Alipokubali alimcheza kama fundi mwenye kazi yake. Anafika kwa baiskeli. Anaeleza kwamba nyama nyekundu hali kabla ya kazi, kwa sauti ile ile ambayo fundi bomba angekwambia hanywi bia kabla ya kushika spana. Mke wa mwandishi anapomfichulia kwamba walimwalika ili wamchunguze tu, Arcati anaumia. Anaumia kwa heshima yake ya taaluma, na kwa nusu dakika mchezo wote wa kuchekesha unakuwa na mtu ndani yake aliyedhulumiwa. Mwigizaji mwingine angeiruka ile nusu dakika ili awahi kichekesho kinachofuata.

Mchezo ulifika maonyesho 1,997, ingawa yeye hakucheza yote hayo. Ilikuwa rekodi ya London kwa mchezo usio na nyimbo, hadi The Mousetrap ya Agatha Christie ilipoivunja mwaka 1957. Filamu ikatengenezwa na David Lean mwaka 1945 na Rutherford akaenda nayo. Tazama mpangilio: jukwaa kwanza, kisha kamera. The Happiest Days of Your Life, ile ya shule ya wasichana inayopelekwa kimakosa na wizara kwenye shule ya wavulana, aliicheza ukumbini mwaka 1948 kama mkuu wa shule Miss Whitchurch, na mwaka 1950 akaicheza kwenye filamu akipambana na mkuu wa shule ya wavulana, Alastair Sim. Miss Prism vilevile. Alipofika mbele ya kamera alikuwa ameshamjua mhusika mbele ya watu walio hai, usiku baada ya usiku, ameshajua wapi wanacheka na wapi wananyamaza. Ndiyo maana kwenye filamu hizo hababaiki, hata akiwa na sekunde tano tu. Kati ya hizo akapita pia kama muuguzi anayefurahi kupita kiasi kugundua mgonjwa wake ni nguva, katika Miranda ya 1948, na profesa wa historia katika Passport to Pimlico ya 1949. Vyote ni vipande vidogo, na ndivyo watu walivyotoka navyo sinema.

Sasa Miss Marple. Wapenzi wa vitabu wana haki yao. Miss Marple wa Christie, tangu riwaya ya kwanza ya 1930, ni bibi mwembamba, mpole, mwenye nywele nyeupe, anayefuma sweta pembeni huku masikio yako wazi. Anashinda kwa kukaa kimya. Rutherford hakai kimya. Katika Murder at the Gallop anapanda farasi na kucheza twisti, na katika Murder Ahoy! anapigana kwa upanga. Murder, She Said, ya kwanza, iliyotoka 1961, imetokana na riwaya ambamo rafiki wa Miss Marple ndiye anayeona mwanamke akinyongwa kwenye treni inayopita, na msichana mwingine, Lucy, ndiye anayejipenyeza kwenye nyumba ya washukiwa kama mtumishi. Filamu ikawafuta wote wawili, ikampa Rutherford kazi za watu watatu. Filamu mbili zilizofuata zilichukua riwaya ambazo kwenye vitabu ni kesi za Hercule Poirot, mpelelezi mwingine wa Christie, na ya nne haikutokana na kitabu chochote. Na tangu ile ya kwanza aliingizwa pia mkutubi aitwaye Mr Stringer, ambaye Christie hakumwandika, aliyechezwa na Stringer Davis, yule mume. Mara nyingi ukimwajiri bibi uliajiri na bwana.

Christie hakuzipenda filamu zile, lakini mwigizaji alimheshimu: riwaya yake ya 1962, The Mirror Crack'd from Side to Side, aliitabaruku kwa jina la Margaret Rutherford.

Ukitaka Miss Marple wa kitabuni, mtafute Joan Hickson, na kisa chake huenda kikakufaa zaidi kuliko cha Rutherford. Alizaliwa 1906, akaanza jukwaani 1927, akapita miongo akicheza wapishi, wenye nyumba za kupanga na wake wa wachungaji. Katika miaka ya 1940 Christie alimwona katika mchezo wake mmoja akamwandikia kwamba anatumaini siku moja atamchezea Miss Marple wake mpendwa. Hickson alikuwa na kama miaka 40 tu, bado kijana kwa kazi hiyo. Mwaka 1961 alikuwemo kwenye Murder, She Said, ndiyo, ile ile ya Rutherford, kama Mrs Kidder, mtumishi wa nyumba. Mwaka 1979 akachukua Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani huko New York, kwa Bedroom Farce. Na mwaka 1984, akiwa na miaka 78, BBC wakampa Miss Marple, akacheza riwaya zote 12 hadi 1992. Karibu miaka 40 tangu ile barua! Macho yake ya buluu yametulia, sauti ya chini, na mhalifu anaanza kutokwa jasho kabla hajaulizwa swali. Kwangu mimi Hickson ndiye Miss Marple. Rutherford ni Rutherford aliyepewa kesi ya mauaji, na namwangalia kwa furaha vilevile.

Oscar ilikuja kwa The V.I.P.s ya 1963. Elizabeth Taylor na Richard Burton wapo kwenye mabango. Ukungu umefunga uwanja wa ndege wa London na abiria matajiri wamekwama na matatizo yao. Rutherford ni Duchess wa Brighton, mama wa ukoo wa kikabaila, mwenye cheo kikubwa na mfuko mtupu, anayekwenda Florida kufanya kazi ili kuiokoa nyumba ya ukoo. Hajazoea ndege, anameza vidonge, anachanganyikiwa na taratibu za uwanjani. Wengine wote wanaigiza mapenzi na fedha kwa nguo za gharama. Yeye anaigiza mama mzee asiyetaka kuuza kwao, na filamu nzima inahamia kwake bila ruhusa ya muongozaji. Sherehe ya Aprili 1964 hakuwepo, Peter Ustinov akampokelea tuzo. Kwenye filamu hiyo hiyo, pembeni, kuna binti katibu muhtasi mwenye miaka ishirini na kitu aitwaye Maggie Smith. Baadaye akawa nyota mkubwa wa jukwaa na filamu.

Kuna upande mmoja ambao wasifu nyingi zinaupita haraka. Kufikia miaka ya 1960 waongozaji walikuwa wanaagiza kidevu chake na joho lake kama unavyoagiza sahani ya wali, ile ile kila siku. Murder Ahoy! ni filamu ya uvivu, na yeye ndani yake anarudia alichofanya vizuri mara tatu kabla. Hiyo ndiyo hatari halisi ya nafasi yako, dada, zaidi ya kutopewa mapenzi: kwamba siku moja watakupa "yule bibi wako" na wewe utamtoa kabatini bila kumfikiria. Dawa anayo mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1960 muongozaji Orson Welles alimpa Mistress Quickly katika Chimes at Midnight, filamu iliyotokana na Shakespeare: mama mwenye kilabu cha pombe anayesimulia kifo cha Falstaff, mzee mnene mpenda pombe. Anaeleza alivyotia mkono chini ya shuka akapapasa miguu ya mzee, ikawa baridi, akapanda magotini, baridi, na kuendelea juu. Hakuna kuchekesha popote, na hajabadilisha njia hata kidogo. Anamwamini mama yule kama alivyomwamini Arcati.

Kwa hiyo, njia au bahati? Urithi wa shangazi ni bahati, na mshahara wa kila wiki wa vikundi vile huna, kwa hiyo kazi ya mchana usiiache. Uliobaki ni ufundi, na huo unachukulika. Mama mkwe unayepewa Jumamosi, mtafutie mkoba wake: kitu kimoja anachokitaka kweli mwenyewe, kisichohusiana na hadithi ya bwana na bibi harusi. Kishike mchezo mzima. Usimwigize uzee kwa mgongo uliopinda na sauti ya kutetemeka. Rutherford alipocheza wazee akiwa kijana, na baadaye akiwa mzee kweli, alitembea haraka kama mtu aliyechelewa miadi. Na muongozaji akikwambia "chekesha kidogo zaidi hapo", sema ndiyo, kisha ongeza umakini.

Umeshaziona za Miss Marple, basi sasa anza na The Happiest Days of Your Life, halafu Blithe Spirit, halafu tukio la mkoba lirudie mpaka ulikariri. Chimes at Midnight uiache ya mwisho, na uiangalie siku ambayo huna onyesho.